Sauti, Mtoto wa Kambo wa Programu za Video

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Moshi mbele ya wapiga video na wahariri wenzangu wa Kilimanjaro na Arusha. Nimeyaandika kwa sababu waliokaa nyuma walilalamika kwamba hawakunisikia vizuri, na kwa mada niliyokuwa nayo siku ile, hiyo ni aibu. Nimeondoa pale nilipopotea nikaanza kulalamikia bei ya betri. Mengine nimeyaacha kama yalivyotoka.

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za asubuhi. Vijana wa Arusha mliotoka alfajiri, poleni na safari. Chai na maandazi viko kule nyuma, msione haya.

Nimeombwa nizungumzie sauti kwenye programu za kuhariri video, zile tunazozimudu sisi: za bure, na zile za kulipia kidogo kidogo kwa mwezi. Nitaanza na kikohozi.

Mwaka juzi, Desemba, nilipiga harusi Kibosho. Desemba yetu mnaijua. Kila mtoto wa mlimani aliyeko Dar, Mwanza au ng'ambo amerudi kwao, harusi tatu kata moja siku moja, na magari ya matarumbeta yanapishana barabarani kama daladala. Ukumbini, kabla ndafu haijaletwa, babu wa bwana harusi akasimama kutoa neno. Mzee wa miaka themanini na ushee, koti la suti limemzidi mabega. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta liko chini ya dirisha, na maiki ya MC ilikuwa imeisha betri. Babu akasema hivyo hivyo bila maiki. Sauti niliyoipata ni ya kile kimaiki cha juu ya kamera, mita nne hivi kutoka aliposimama. Alisema dakika nne, akanyamaza, akakohoa, kisha akamalizia kwa neno moja: "Nawabariki."

Machi mzee akatangulia mbele ya haki. Binti yake mkubwa akanipigia simu. "Mdogo wangu," akasema, "lile neno la mwisho la baba nalitaka peke yake, bila kile kikohozi. Tunataka kuliweka siku ya misa ya kumbukumbu."

Nikamjibu, "Dada, hiyo ni kazi ya dakika mbili. Nitakutumia jioni hii hii."

Nilimtumia siku ya tatu.

Tazameni ukutani, nimewawekea mawimbi yenyewe ya sauti. Huu mlima wa kwanza, wenye miiba, ni kikohozi. Huu unaofuata, wenye mabega ya mviringo, ni "na". Katikati yao hakuna bonde, maana babu alikohoa na kusema kwa pumzi moja. Sasa, programu niliyokuwa natumia, kama nyingi za bei yetu, inakata kwa fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video. Kamera zetu huku zinapiga fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni milisekunde 40. Kwa picha hiyo ni chembe. Hakuna mgeni wa harusi atakayelalamika kwamba fremu moja imezidi. Kwa sauti ni uwanja wa mpira. Sauti ya video hurekodiwa kwa vipimo 48,000 kila sekunde, na ukigawa, ndani ya fremu moja vimelala vipimo 1,920. Nilihitaji wembe uingie mahali fulani katikati ya hivyo 1,920. Programu ikanipa panga la kukatia migomba.

Nikikata hapa, ile "kh" ya mwisho wa kikohozi inabaki ikining'inia. Nikisogea fremu moja mbele, "n" inaliwa. Na mnajua babu anasema nini "n" ikiliwa? Anasema "awabariki". Yaani anayebariki ni mwingine! Mzee amesimama kuwabariki wajukuu zake, mimi na programu yangu tumemnyang'anya baraka tukampa mtu tusiyemjua.

Kilichonitoa ni Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Nilitoa sauti ya kipande kile kama faili la WAV, nikalifungua huko, nikalivuta karibu mpaka wimbi likawa mstari wa vitone, nikatafuta pale mstari unapovuka sifuri, nikakata hapo ili kusisikike "tk", nikaweka feidi ya milisekunde tano, yaani sauti iingie polepole badala ya ghafla, nikairudisha sauti kwenye video. Dakika sita. Siku nilizopoteza kabla ya hapo nilizipoteza kwa ukaidi wangu, nikiamini kwamba programu inayojiita ya kuhariri lazima iwe na njia mahali fulani, ni mimi tu sijaiona.

Naomba mlishike hili la Audacity. Ilianza 1999 kwenye chuo kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, ikatolewa kwa watu bure mwaka 2000. Kompyuta ya mwaka 2000 ni dhaifu kuliko simu aliyoishika huyu kijana wa mbele anayenirekodi. Kwa mashine zile dhaifu, programu ya bure iliweza kukata sauti kipimo kimoja kimoja. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba bei ndogo ndiyo inayozuia. Kukata ndani ya fremu hakuli umeme wala RAM. Waliozitengeneza programu zetu ni watu wa picha, na sauti wameipokea kama mtoto wa kambo: anakula, analala ndani, lakini shati jipya la Krismasi hanunuliwi.

Upande wa pili upo ushahidi. Programu ya Vegas, ambayo wazee wa kazi hii humu ndani waliitumia enzi za DVD, haikuzaliwa ya video. Ilitoka 1999 ikiwa ya sauti tupu, na video ikaongezwa toleo lililofuata. Ndiyo maana hadi leo ndani yake kuna kitufe cha kuamua kama mikato ifuate mipaka ya fremu au isifuate. Aliyeanza na sauti hakusahau kwamba kuna maisha ndani ya fremu. Na DaVinci Resolve, programu nyingine ya video, nayo hivyo hivyo: mwaka 2016 wenye programu hiyo, Blackmagic Design ya Australia, walinunua Fairlight, jina kubwa la siku nyingi kwenye vifaa vya sauti, na 2017 wakaiweka ndani ya programu yao, hata ile ya bure. Ukurasa mzima wa sauti, bure. Ila inataka kompyuta yenye misuli, na wengi wetu tuna laptopu za mtumba zenye RAM ya GB 4, zikifungua mradi wa saa moja zinahema kama mgeni anayepanda Mlima Kilimanjaro. Ninaowasemea leo ni hao wa GB 4 na wa simu.

Nisogee kwenye misa.

Misa ya ndoa, pamoja na mahubiri, inafika saa moja na nusu. Mhariri mwenye akili anambana bwana harusi kimaiki kwenye koti, kinasa sauti mfukoni, kamera mbili zinapiga. Nyumbani unapanga sauti na picha pale mwanzo, padre anafungua mdomo, "Kwa jina la Baba" linatoka, safi kabisa. Unaenda kulala. Mteja anakupigia: kwenye viapo midomo na maneno havikutani.

Hapo hakuna mchawi. Kinasa sauti kina saa yake ndani, kamera ina yake, na saa za vifaa vya bei nafuu hazilingani sawasawa. Chukua tofauti ndogo tu, sehemu 50 katika milioni. Kwa saa moja na nusu, ambayo ni sekunde 5,400, tofauti hiyo inazaa sekunde 0.27. Hizo ni karibu fremu saba, na fremu saba hata mtoto wa chekechea anaziona. Dawa yake inajulikana: uivute sauti kidogo sana, asilimia 0.005, ienee sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Basi nenda kwenye programu yako, fungua sehemu ya kasi. Inakupa hatua za asilimia moja moja! Asilimia moja ya misa ile ni sekunde 54. Unataka kusogeza mlango ufunge vizuri, unaambiwa hatua ndogo kabisa iliyopo ni kuhamisha nyumba.

Tunafanyaje? Mnafanya kama mimi. Tunaikata sauti vipande vipande, pale watu wanaponyamaza, tunasogeza kila kipande fremu moja zaidi ya kilichokitangulia. Kazi ya usiku mzima, ambayo programu ingeimaliza kama tungepewa kisanduku kimoja cha kuandika namba yenye desimali tatu. Kisanduku kimoja, ndugu zangu.

Kuna dogo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Sauti nayo ina mwendo. Inatembea mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila mita moja inakula karibu milisekunde tatu. Kamera ikikaa nyuma ya kanisa, mita 25 kutoka altare, sauti inaifikia milisekunde 73 baada ya picha. Hiyo peke yake ni karibu fremu mbili, na hakuna kifaa kilichoharibika. Halafu ukichanganya maiki ya koti na maiki ya kamera, na programu ikakulazimisha kuzipanga kwa fremu, unaweza kukosea hadi nusu fremu, milisekunde 20, na huna pa kushika. Matokeo yake bwana harusi anaapa kutoka ndani ya pipa. Nimewasikia watu wakiyalaumu maiki kwa hilo, wakanunua mengine, na pipa likabaki pale pale.

Sasa jenereta.

Umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50, yaani unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na jenereta nalo limepangwa kufuata hizo hizo. Waya mbovu wa maiki, spika iliyounganishwa ovyo, au amplifaya ya ukumbini isiyo na ethi, vyote vinaingiza mvumo: mmm... Mvumo huo hauji peke yake. Unakuja na watoto wake, hezi 100, 150, 200. Programu za wenzetu zina kitufe kizuri tu cha kuondoa mvumo. Nilikibonyeza kwenye programu moja, mvumo ukabaki umekaa kama mwenye nyumba. Nikabonyeza tena. Nikasoma maandishi madogo pembeni: hezi 60. Huo ndio umeme wa Marekani. Walitutengenezea dawa ya mgonjwa wa Chicago, wakaiweka kwenye kabati letu, na hawakuacha hata sehemu ya kubadilisha namba.

Msifikiri kwamba jibu ni kukata besi yote. Ukichuja kila kilicho chini ya hezi 80, ile 50 inaondoka, lakini 100 na 150 zinabaki, na humo ndimo sauti ya mwanamume inamokaa. Kinachohitajika ni kichujio chembamba, kinachotoboa tundu dogo pale pale kwenye 50, 100, 150, kikaacha pembeni. Hesabu yake ni ya zamani, wanafunzi wa uhandisi wanafundishwa darasani.

Na huu mvumo una hila. Wengi tunamaliza kazi kwa hedifoni za bei rahisi au kwa spika ya simu, na spika ya simu haina besi. Hezi 50 hazitoki humo kabisa. Unasikia kazi imenyooka, unaituma. Mteja anaichomeka kwenye sabufa sebuleni, besi imezungushwa mpaka mwisho kama ilivyo ada ya Watanzania wote waungwana, na nyumba inaanza kutetemeka kabla bibi harusi hajashuka kwenye gari. Nawaambieni, ninayo sabufa kuukuu ofisini, kitambaa cha mbele kimetafunwa na panya, na hakuna kazi inayotoka mlangoni bila kupita pale.

Sasa vigelegele, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo mambo yanapokwenda kasi.

Siku hizi programu nyingi zimeleta kitufe cha akili bandia cha kusafisha sauti. Unabonyeza, upepo unatoweka, feni inatoweka. Mimi si mtu wa kuchukia mapya. Siku ya kwanza nilipokijaribu nilipiga makofi peke yangu chumbani. Nikakitumia kwenye sendi-ofu ya Majengo. Nilibonyeza, nikasikiliza dakika ya kwanza, MC anasikika kama yuko studio, nikatoa video, nikapeleka.

Mama wa binti akanipigia. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. "Mwanangu," akasema, "kwani watu walikuwa wamenuna?"

Nikafungua kuangalia. Binti anaingia, mama zake wakubwa na shangazi wamesimama, midomo iko wazi, ndimi zinacheza, mikono juu. Na hakuna sauti. Kimya kama msiba. Programu ilijua sauti ya mtu anayesema, na kila kisichofanana na kusema ikakihesabu takataka. Vigelegele vyote, kwapua. Matarumbeta yalibaki yakisikika kama yanapigwa chini ya maji.

Kifaa hicho hakikuwa kibaya. Hakikuwahi kukaa na shangazi zetu. Mashine za namna hii zinafundishwa kwa kusikilizishwa sauti safi za watu na makelele ya kila aina, mpaka zijue kutenganisha. Kisichokuwemo kwenye darasa lake hakijui. Na kosa la pili ni la wale waliotengeneza kitufe chenyewe: kiko wazi au kimefungwa, basi. Ningepewa kidude cha kuteleza, nikachagua kiasi, thelathini, hamsini, nikakizima kwa sekunde zile ishirini za kuingia binti, mama yule asingeniuliza swali lile.

Vijana wa kompyuta kutoka Arusha, mnaoandika programu, hapa nawaita nyinyi. Mwaka 2017 mhandisi mmoja, Jean-Marc Valin, alitoa kifaa cha kupunguza kelele kinachoitwa RNNoise. Kidogo, chepesi, kinaenda hata kwenye mashine dhaifu, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Wanaorusha matangazo kwa programu ya OBS wanacho tayari, kimo ndani. Na alipokitoa alifanya jambo lililonifurahisha: aliwaomba watu wamchangie kelele. Kaa kimya hapo ulipo, rekodi dakika moja ya kelele za kwenu, tuma. Sisi tunachangia harusi mpaka mifuko inatoboka, kelele zitatushinda? Mvua kwenye bati, bodaboda inayopanda kilima, jenereta la dizeli, feni za ukumbini, kuku. Hizo ziende upande wa kelele. Halafu vigelegele, kayamba, ngoma, makofi ya kwaya, matarumbeta, hizo ziende upande wa vinavyotunzwa. Humu ndani tuko watu kama sitini, na kila mmoja ana diski zimejaa miaka ya sherehe. Sijui kama kuna mtu duniani mwenye vigelegele vingi kuliko sisi tulioketi hapa. Ila tuwaombe ruhusa wenye sherehe, na maneno ya watu tuyaondoe. Mambo ya ndani ya familia si yetu kuyagawa.

La mita, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, nitalipitia haraka maana naona wengine mnaangalia saa.

Nyingi ya programu zetu zinaonyesha ukubwa wa sauti kwa kijiti chenye rangi tatu, kijani, njano, nyekundu, bila namba. Kijiti hicho kinapima vilele tu. Sikio la mtu halisikilizi vilele, linasikiliza wastani wa muda. Kwa hiyo hotuba ya padre inagusa njano, wimbo unaoingia baada yake unagusa njano ile ile, na mtazamaji anaruka kutoka kwenye kochi kutafuta rimoti. Wataalamu wa kimataifa wa mawasiliano walishakubaliana tangu 2006 jinsi ya kupima sauti kama sikio linavyoisikia, na watangazaji wa Ulaya wakaifanya kanuni yao mwaka 2010: hasi 23 kwenye kipimo kinachoitwa LUFS. YouTube nayo ina chake, karibu hasi 14; ukipakia yenye kelele kuzidi hapo inakushusha. Wale mnaopandisha muziki mpaka mwisho ili klipu yenu ipige kuliko ya jirani, mnajisumbua. Inashushwa, na mnabaki na sauti iliyopasuka tu.

Hesabu ya kipimo hicho imechapishwa wazi, na FFmpeg, zana ya bure ya kuchakata sauti na video ambayo programu za kuhariri Kdenlive na Shotcut zinaitegemea kwa ndani, inayo bure kabisa. Mtengenezaji akitaka kutuwekea namba moja pembeni ya kile kijiti, chakula kiko mezani, ni kunawa mikono.

Sasa najua kuna mzee hapa ananisubiri na swali, nimemwona anatikisa kichwa tangu mwanzo. Atasema: mama, nunua maiki nzuri, weka karibu na mdomo, hayo yote hutayahitaji. Mzee wangu, ni kweli, na mimi nawafundisha wanafunzi wangu hivyo hivyo. Maiki ya kubana kwenye koti inashinda programu yoyote. Lakini babu wa Kibosho hakuwa kwenye ratiba. Hakubanwa maiki. Alisimama tu, kama wanavyosimama wazee, na neno lilikuwa lake. Yale tunayoyatafuta baadaye kwa machozi mara nyingi ndiyo yale ambayo hakuna aliyeyapangia maiki.

Basi tuwaandikie wanaotengeneza. Na tukiandika, tusiandike "sauti mbovu, rekebisheni". Nimewahi kuandika hivyo, sikujibiwa, na ningekuwa wao nisingejibu pia. Mwandikie hivi: nina kamera ya fremu 25, faili hili hapa, nimekata hapa, nilitaka ikate hapa, imerukia hapa. Ambatisha kipande cha sekunde kumi. Kwa zile zenye msimbo wazi, kila mtu anaruhusiwa kufungua malalamiko na kila mtu anayaona, kwa hiyo mwingine akishaandika la kwako, nenda ukaongeze sauti yako pale pale, usianzishe jipya. Kiingereza kisiwatishe. Namba hazina Kiingereza.

Kama wangenipa nafasi ya kuomba kimoja tu, ningeacha akili bandia, ningeacha mita, ningeacha hata hezi 50 zangu. Ningeomba kisu kinachoingia ndani ya fremu. Nadhani wengine hapa mngechagua tofauti, na yule bwana wa kwaya kule pembeni najua atataka feidi, maana ile ya mstari ulionyooka inazamisha sauti pale katikati nyimbo mbili zinapopishana, na amenilalamikia hilo tangu jana usiku. Ana haki. Tutabishana kwenye chakula.

Nimalizie nilipoanzia. Yule dada wa Kibosho nilimtumia kipande siku ya tatu, kama nilivyosema, na nikamwomba radhi kwa kuchelewa. Akanijibu kwa sauti, ujumbe wa sekunde nne, akasema tu, "Mdogo wangu, ni yeye." Wiki iliyopita nilimwomba ruhusa niwasikilizishe nyinyi, akakubali, akasema mradi nisitaje jina.

Naomba kijana wa karibu na ukuta azime hilo feni. Na lile la pili. Asante. Ndugu wa mixa, nipandishie kidogo, besi acha ilivyo. Nitapiga mara mbili. Ya kwanza ni ile iliyokatwa kwa fremu, mtasikia "n" inavyoliwa. Ya pili ni yake mwenyewe.

Sikilizeni.